Chupa Iliyovaa Hariri

Mwanamke akishaamua kumwacha mwanamume, asimshonee kitu. Fundi alilijua hilo, lakini ahadi ilikuwa imetangulia uamuzi. Alimwahidi Pua kwamba angemshonea vifuko vya kuvalisha chupa, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, hata kwa mtu anayemwacha. Kwa hiyo Jumapili ile mchana alipanda ngazi za nyumba ya Pua akiwa na vifuko vitano mkononi. Kwenye pochi alikuwa na ufunguo wa mlango wa Pua, ule aliopewa mwaka uliopita, ambao asubuhi hiyo alikuwa ameuchomoa kwenye pete ya funguo zake.

Mpango wake ulikuwa mfupi. Angekaa na wageni, angecheka pale watu wanapocheka, kisha wakishaondoka angeuweka ufunguo mezani, aseme maneno machache na kushuka ngazi.

"Usije ukalegea," dada yake alisema nyuma yake, akihema.

"Sitalegea."

"Nakujua. Hata yule paka ulisema unampa maziwa siku moja tu. Leo hii analala kitandani kwangu."

Dada alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, na alizungumza na watu wazima wote kama vile kamba za viatu vyao zimefunguka. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea Fundi. Kwa hiyo neno lake halikuwa neno la dada tu. Likimtoka, lilitua kama la mama na baba kwa pamoja.

Na neno lake juu ya Pua lilikuwa limeshatoka. "Mwanamume akiacha kujali siku yako ilikuwaje," alisema wiki ile, "ujue kuna mtu mwingine anayemsimulia yake."

Fundi hakubisha. Angebisha nini, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameyaona mabadiliko?

Alikuwa fundi wa mapazia. Alikutana na Pua alipokwenda kutundika mapazia mazito kwenye duka la mvinyo ambako Pua alifanya kazi, maana jua la mchana lilikuwa linaziunguza chupa za dirishani. Alipita karibu yake na ngazi begani, na yule mwanamume akasema, bila hata kumsalimu, "Leo umekata kitani. Na jana ulikuwa na velveti." Fundi alidhani amekutana na kichaa. Baadaye akaelezwa kwamba mji mzima wanamwita Pua, kwamba wateja huja na chupa zao kutoka mbali ili azinuse na kuwaambia kama ni za kunywa au za kumwaga.

Basi ukawa mchezo wao. Kila jioni alipofika, Pua alimsimamisha mlangoni, akaweka uso nyuma ya sikio lake, kwenye nywele, akafumba macho. "Pamba. Pamba nyingi, na umepiga pasi." Au, "Hariri, na umemkasirikia mtu." Hata jua na mvua ya njiani alizinusa kwenye nywele, na mara nyingi alipatia. Wapo waliowahi kumwambia Fundi kwamba ni mzuri, na maneno yao yaliingia sikio hili yakatokea lile. Huyu alimwambia mahali alipokuwa mchana kutwa. Mwanamke anayeinamia cherehani tangu asubuhi, peke yake, hajui ni kwa kiasi gani anahitaji kuonwa mpaka aonwe.

Kisha ikaja ile homa kali ya majira ya mvua. Pua alilala kitandani, Fundi akampelekea supu, akapona. Mchezo haukupona. Siku hizi alimbusu kwenye paji la uso, haraka, kama mtu anayebandika stempu, akauliza kama huko nje kuna jua. Fundi alibadili mafuta ya nywele, kimya. Akabadili sabuni, kimya. Siku moja akamuuliza mwenyewe, "Haya, leo nimekata nini?" Pua akageuza uso. "Nimechoka, Fundi," akasema.

Hapo ndipo kitu kilipokatika.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajagonga. Pua alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa vizuri, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Alimtazama Fundi muda mrefu kuliko kawaida. Kisha paji la uso. Stempu.

"Karibuni. Karibu, Mwalimu. Nje kuna jua?"

"Tumetoka nje sasa hivi na hatujalowa," dada alisema. "Hesabu mwenyewe."

Pua alicheka kidogo akapokea vifuko. Alivipapasa kimoja kimoja. Vilikuwa vya vitambaa vilivyobaki kazini: pamba, jinzi, hariri, velveti, na cha mwisho cha kitani, ambacho Fundi alikikata na kukimalizia asubuhi ile ile.

"Umevishona kama nguo za watoto," Pua alisema polepole. "Hata vifungo."

"Ahadi ni ahadi."

Alimtazama tena, kana kwamba amesikia kitu kilichofichwa chini ya maneno. Fundi akajifanya anatafuta pa kuweka viatu.

Sebuleni walikuwa wamekwishafika Kinyozi, rafiki wa Pua tangu utotoni, na mkewe, Mama Pacha. Kinyozi alikuwa na kichwa kisicho na unywele hata mmoja, jambo ambalo mkewe alisema ndilo tangazo lake pekee la biashara. Meza ilikuwa imefunikwa karatasi nyeupe. Glasi zilipangwa kwa safu, pamoja na jagi la maji, bakuli la kutemea kwa anayetaka kutema, na jagi la kupimia la jikoni.

"Hilo la kutemea ni la nani?" Kinyozi aliuliza.

"La watu wenye akili," mkewe alisema. "Wewe usijali."

Pua alikwenda jikoni kukata jibini na kuangalia mkate uliokuwa kwenye oveni. Fundi alikaa karibu na dada. Alitazama mapazia ya dirishani, aliyoyashona kwa mkono mwenyewe, akawaza kwamba yatabaki. Mapazia hayarudishwi kama ufunguo. Kila asubuhi Pua angeyafungua, pengine mwanamke mwingine angeyasifia, na yeye angesema yalishonwa na fundi mmoja hivi.

Dada aliinua uso. "Kuna kitu kinaungua."

Fundi alinyanyuka. Jikoni, Pua alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye oveni, ameipa mgongo, anakata jibini vipande vyembamba kwa uangalifu wote wa dunia. Moshi ulikuwa unafuka juu ya mlango wa oveni.

"Pua. Mkate."

"Unakaribia," alisema bila kugeuka.

"Umeshapita."

Aligeuka, akauona moshi. Fundi alitegemea kumwona akiona aibu, au akicheka. Alichokiona usoni mwa Pua kilikuwa hofu. Kilipita haraka, kikafunikwa. Pua alifungua oveni, akautoa mkate mweusi kwa kitambaa, akasema alikuwa anawaza mengine.

"Mawazo yako yako mbali, shemeji," dada alisema kutoka mlangoni. "Sijui yako kwa nani."

Fundi aliikunja ile hofu akaiweka pembeni, kama mtu anayeweka kando kipande cha kitambaa asichojua bado kitaingia wapi.

Wakaanza. Pua alisimama mbele ya chupa zake zilizovaa, na alipoanza kueleza, sauti yake ikawa ile ya zamani, ya mtu anayependa kazi yake.

"Mvinyo huu wote ni wa zabibu za Bordo, huko Ufaransa. Nimezivalisha chupa msione majina, maana mtu akiona jina ulimi wake unalala. Nne za kwanza ni zabibu moja moja, kila moja peke yake. Ya tano, hii ya kitani, ni mchanganyiko wenyewe. Wakulima wa kule hawaiamini zabibu moja. Kuna inayoiva mapema na inayochelewa. Mvua ikiiharibu moja, nyingine inauokoa mwaka. Ndiyo maana wanachanganya. Tukishaonja zote, kila mtu atachanganya yake kwenye jagi, tuone nani ataikaribia ya kitani."

"Na mshindi anapata nini?" Kinyozi aliuliza.

"Anapewa nafasi ya kuosha glasi."

Ya kwanza ilikuwa ile iliyovaa pamba. Ilikuwa laini, tamu kidogo kwa mbali, ikateremka bila kelele.

"Huyu hana ugomvi na mtu," Kinyozi alisema.

"Anaitwa Merlo," Pua alisema. "Ndiye nyama ya mchanganyiko."

Ya pili, ya jinzi, iliwakaza wote midomo. Mama Pacha alipitisha ulimi kwenye meno yake kama anayehakikisha bado yapo.

"Huu ni ukakasi wa ndizi mbichi. Huyu ni baba mkwe kabisa."

"Kaberne Sovinyo. Ndiye mifupa. Bila yeye mchanganyiko haukai wima."

Hata dada alicheka. Fundi naye alicheka, na kicheko kikamuuma, kwa sababu chumba kile, mezani pale, watu wale, ndivyo alivyotaka maisha yake yawe. Kumwacha mtu unayemchukia ni kazi ndogo. Yeye alikuwa anamwacha mtu ambaye bado alitaka kukaa naye meza moja.

Pua alichukua ya tatu, ile iliyovaa hariri. "Hii ni Kaberne Fran," alisema. "Mzazi wa yule wa jinzi, ila mpole zaidi. Kabla ya kunywa, nuseni." Akainua glasi yake, akaweka pua ndani, akafumba macho. Fundi alimtazama. Ndivyo alivyokuwa akifumba macho nyuma ya sikio lake. "Maua," Pua alisema. "Waridi. Pilipili hoho mbichi. Na penseli iliyochongwa sasa hivi. Hakuna kati ya hizi inayonukia kama hii."

Wote wakaingiza pua kwenye glasi.

Fundi alinusa, akashangaa. Haikuwa waridi. Akanusa tena. Aliijua harufu ile kuliko alivyoijua sauti yake. Ni harufu ya jora la kitambaa lililonyeshewa na kufungiwa stoo kabla halijakauka. Harufu ya kufungua mlango na kujua, kabla hujagusa kitu, kwamba kazi imeharibika.

"Waridi, kweli," Kinyozi alisema, akijikaza. "Waridi la... la mvua."

"Waridi," mkewe aliitikia, akitazama dari.

"Mimi sijui mvinyo," dada alisema, akaweka glasi chini, "lakini najua tambara la deki. Hili ni tambara la deki."

Pua aliinua tena glasi. Alinusa kwa nguvu, kwa muda mrefu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akatabasamu. "Mwalimu, hii zabibu ina tabia zake. Waridi lake limejificha kidogo, ni lazima umsubiri."

Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mvinyo ulicheza kwenye glasi.

Na hapo, katika kichwa cha Fundi, kile kipande alichokiweka pembeni kikapata mahali pake. Mkate. Sabuni. Mafuta ya nywele. Nje kuna jua? Nimechoka, Fundi. Vyote vikashonana mara moja, na pazia zima likateremka mbele yake.

Dada alikuwa ameshafungua mdomo. Fundi aliwahi.

"Basi, Pua, waambie," alisema, akacheka kwa sauti kubwa kuliko kicheko chake. "Usiwatese watu. Jamani, huo ni mtego. Chupa hiyo kizibo chake ni kibovu. Aliwahi kuniambia zamani kwamba kizibo kikioza, mvinyo unanuka kama kitambaa changu kilichonyeshewa. Alitaka kuona ni nani atathubutu kumbishia Pua. Amethubutu dada peke yake."

Kinyozi alipiga goti. "Mshenzi wewe. Na mimi nimesema waridi la mvua."

"Ulikuwa unabahatisha," mkewe alisema.

"Na wewe ulinusa dari."

Dada aliketi wima, kama mtoto aliyepewa nyota kwenye daftari. Kelele zikarudi. Katikati ya kelele hizo Pua alikuwa anamtazama Fundi, na hakuwa anatabasamu. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyezama, ambaye mkono umemshika nywele, na bado hajui kama unamvuta juu.

"Naimwaga hii," Fundi alisema, akachukua ile chupa ya hariri. "Pua, nisaidie."

Jikoni bado kulikuwa na harufu ya mkate. Fundi alifunga mlango. Alimimina kidogo kwenye glasi, akamsogezea.

"Nusa."

"Nimeshanusa."

"Nusa tena, uniambie."

Pua hakuichukua. Aliegemea sinki, akatazama vidole vya miguu yake.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Tangu ile homa."

"Yote?"

"Yote. Kitunguu, sabuni, moshi. Juzi nimekunywa maziwa yaliyochacha, nikajua yalipofika tumboni." Alijaribu kucheka. "Ulimi unafanya kazi. Chumvi naisikia, uchachu, ukakasi. Yaliyobaki nasema kwa kukumbuka. Kaberne Fran ni waridi na penseli, basi nasema waridi na penseli. Kazini naangalia chupa, nasema kilichoandikwa kichwani. Hakuna aliyegundua."

"Daktari anasemaje?"

"Huenda irudi, huenda isirudi. Anasema nivumilie. Kila akisema nivumilie anatazama saa."

Fundi aliiweka glasi chini. "Na mimi?"

"Kwako ndiko nilikojulia." Sauti yake ilishuka. "Uliniletea supu, ukainama kunifunika shuka. Nikakuvuta, kama kawaida, pale nyuma ya sikio. Pakawa kimya. Nilikuwa nakushika mikononi na hukuwepo. Ilikuwa kama nimeshika picha yako. Tangu siku hiyo sikuthubutu kurudia. Niliogopa ile picha."

Huruma ilimjaa Fundi. Lakini nyuma ya huruma kulikuwa na kitu kingine kinachopanda, na hakukizuia.

"Nimekuwa najinusa kwapa kwenye basi," alisema.

"Fundi..."

"Nyamaza kwanza. Nimebadili sabuni. Nimebadili mafuta. Nimesimama mbele ya kioo nikajiuliza ni kitu gani kimeoza kwangu. Nimemuuliza dada yangu kama nimezeeka. Dada yangu, Pua. Unajua kumuuliza dada yangu swali kama hilo ni nini? Atalikumbusha mpaka kwenye mazishi yangu."

"Ningesemaje? Mji mzima wananiita Pua. Nikiwa sina pua, mimi ni nani? Muuza chupa. Na wewe ulipenda pua."

Fundi alitaka kukataa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile neno zuri ambalo watu huambiana jikoni. Akalimeza.

"Niliipenda," alisema. "Sitakudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha. Nilipenda ulivyokuwa unanijua bila kuniuliza. Sasa itabidi uniulize. Wanaume wengine wote huuliza, na hawafi."

Alifungua pochi, akautoa ufunguo, akauweka kwenye meza ya jikoni, kati ya jibini na mkate mweusi. Pua aliutazama. Hakuuliza ni wa nini.

"Nilikuja kukurudishia huo," Fundi alisema.

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Hasira niliyokuja nayo imekufa. Hii niliyonayo ni mpya, bado sijaizoea. Nilidhani hunipendi. Kumbe hukuniamini. Sijui kati ya hayo mawili lipi ni zito."

"Kwa nini umeniokoa kule sebuleni?"

Alifikiri. "Kwa sababu mkono wako ulikuwa unatetemeka," alisema.

Sauti ya dada ikapenya mlangoni. "Nyie huko mnakamua zabibu kwa miguu?"

Waliporudi sebuleni ufunguo ulibaki jikoni. Pua hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Kabla hatujaendelea," alisema. "Ule haukuwa mtego. Fundi amenisitiri. Sisikii harufu, tangu ile homa. Sijawaambia kazini, sikumwambia hata yeye. Nilisema waridi kwa kuwa nilikuwa nakumbuka waridi."

Kinyozi alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Kumbe ndiyo maana uliyasifia yale manukato yangu mapya."

"Ndiyo."

"Mke wangu alishayatupa."

"Nilifanya vizuri," Mama Pacha alisema, akamshika Pua mkono, akaubana kidogo, akauachia.

Dada alimtazama Pua, kisha mdogo wake, kisha Pua tena, na Fundi aliona jinsi yale maneno yake ya wiki nzima, ya mwanamke mwingine, yanavyomrudia moja moja na kukosa pa kukaa.

"Watoto wangu," dada alisema hatimaye, "wakipoteza jino, wananionyesha siku hiyo hiyo. Wanafungua mdomo mbele ya darasa zima. Wana miaka mitano." Akavuta kiti. "Kaa chini, shemeji. Miguu yako haina nguvu."

Pua akakaa.

Wakaonja ile ya velveti, Peti Verdo, nyeusi kama wino na kali, ambayo Pua alisema hutiwa kidogo tu, kwa ajili ya rangi. Wakaonja ya kitani, na kila mmoja akanyamaza, maana ndani yake mtu hakuweza tena kusema huyu ni baba mkwe na huyu hana ugomvi. Walikuwa wote, na hawakugombana.

Kisha kuchanganya. Pua na Fundi walikaa na jagi la kupimia katikati yao. Haikupangwa. Pua alionja, Fundi akanusa.

"Ukakasi umezidi," Pua alisema. "Tia Merlo."

"Nikitia harufu inalala."

"Inanukaje sasa?"

Ilikuwa mara ya kwanza Pua kumuuliza habari ya harufu. Fundi aliweka pua ndani ya jagi, akajikuta amefumba macho kama alivyokuwa akifumba Pua.

"Kama kabati la mbao. Ndani kuna tunda limeiva sana. Na ngozi, kama mkoba mpya."

"Mkoba mpya," Pua alirudia taratibu, kama mtu anayesomewa barua asiyoweza kuisoma mwenyewe. "Basi tia velveti, tone tu."

Hawakushinda. Alishinda Mama Pacha, ambaye hakupima chochote, alimimina tu huku anamgombeza mumewe. Ya Pua na Fundi ilikuwa na kasoro mahali, kila mmoja aliiona kwa upande wake, na hawakukubaliana ni wapi.

Jua lilikuwa limefika kwenye pindo la mapazia wageni walipoaga. Dada alitangulia kwenye ngazi, akamwacha mdogo wake avae viatu. Fundi alivaa polepole. Pua alisimama pale pale mlangoni, mahali pa mchezo wao wa zamani, mikono ikiwa haijui pa kwenda.

"Naweza kujaribu kitu?" aliuliza.

Fundi akanyoosha shingo kwa mazoea. Lakini Pua aliuchukua mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akafumba macho. Alipitisha kidole gumba kwenye ncha za vidole vyake, kimoja baada ya kingine: pale sindano ilipochoma, pale mkasi ulipoacha sugu, chini ya kucha ambako nyuzi hujificha. Alichukua muda wake. Fundi aliusikia moyo wake ukipiga hadi kwenye kiganja kile, akajua kwamba naye Pua anausikia.

"Usiniambie," Pua alisema. "Leo umekata... velveti."

"Kitani."

Alifumbua macho. "Kitani," alisema kwa huzuni. "Na kifuko chenyewe nilikuwa nimekishika."

"Hukupata hata karibu."

"Sitaweza haya."

"Sijui," Fundi alisema. "Kesho jaribu tena. Ukishindwa, uliza."

Alirudi jikoni peke yake. Ufunguo ulikuwa bado pale, kati ya jibini na mkate mweusi. Akaja nao mlangoni, akatoa pete ya funguo zake, akajaribu kuitanua kwa ukucha. Ilikuwa ngumu kuliko asubuhi. Ukucha uliteleza mara ya kwanza na ya pili. Pua aliingiza ukucha wake kwenye ule ufa wa pete, akauzuia usijifunge, na Fundi akausukuma ufunguo, ukazunguka polepole mpaka ukafika kwa wenzake.

"Umelegea?" sauti ya dada iliuliza kutoka chini.

"Nimelegea, dada."

Viatu vya dada vikasimama kwenye ngazi.

"Nilijua," dada alisema, na viatu vyake vikaendelea kushuka ngazi, bila kumsubiri.